Namna ya Kugawana Samaki Bila Kulowa

Mtanzania akisikia neno "mgao" anatafuta mshumaa. Tangu enzi za umeme wa zamu neno hilo limebaki na harufu ya mafuta ya taa na muungurumo wa jenereta ya jirani. Lakini upo mgao mwingine, wenye heshima zake, unaofanyika ukumbini chini ya kiyoyozi, wakalimani wakiwa kwenye vibanda vya vioo na biskuti zikisubiri mapumziko ya saa nne. Huo ni mgao wa samaki wa baharini. Mwongozo huu ni wako wewe, ndugu mjumbe, uliyeteuliwa juzi kuingia kwenye msafara wa nchi yako kwenda Victoria, Shelisheli (nchi, si tunda), na hujawahi kumshika jodari ila ndani ya mkebe. Usiwe na wasiwasi. Mambo ya kuvua hutaulizwa.

Kwanza sahau yale uliyoyaona pwani. Kilwa au Nungwi, chombo kikifika, samaki wanapigwa mnada palepale mchangani, zinatolewa gharama za mafuta na barafu, na kinachobaki kinakatwa mafungu: la chombo, la nyavu, la nahodha, na la kila baharia. Kijana aliyekuja kusaidia kuvuta mashua naye anaondoka na kitoweo chake, vibua watatu wametungwa kwenye ukindu. Kazi yote, pamoja na matusi, haizidi saa moja. Ukiupeleka ustaarabu huo mkutanoni utaonekana mshamba. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, iliyo chini ya FAO na yenye wanachama wapatao 30, iliunda kamati ya kutafuta vigezo vya kugawana jodari. Kamati ilikutana mara ya kwanza Februari 2011 jijini Nairobi, zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini, labda ili samaki wasisikie. Tangu hapo imekaa vikao zaidi ya 10. Mtoto aliyezaliwa wiki ile alikuwa wa kumaliza darasa la saba mwaka 2024, na mwaka huo ukaisha fomula bado haijapatikana. Kwa hiyo beba nguo za kutosha.

Beba pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982. Mkataba huo unaipa kila nchi ya pwani ukanda wa uchumi wa maili 200 za baharini, na samaki waliomo. Kwa Tanzania ni kama kilomita za mraba 223,000 za maji, yaani robo ya nchi kavu yote. Kama umetumwa na upande wenye meli, hapo pasome harakaharaka, kisha tulia kwenye kifungu cha 62. Kinasema nchi ya pwani isiyo na uwezo wa kuvua samaki wote wanaoruhusiwa iwape wengine nafasi ya kuvua ziada. Neno "ziada" lishike kama usukani. Samaki yeyote ambaye ngalawa ya Makunduchi haikumfikia anaitwa ziada, na kwa nini ngalawa haikumfikia si mada ya kikao hiki. Halafu kuna kifungu cha 64, cha samaki wasafiri, kinachozitaka nchi zishirikiane. Jodari ni msafiri hasa. Leo yuko maji ya Mafia, miezi michache baadaye yuko Somalia au kule katikati kusiko na mwenyewe. Ndiyo maana mkaitwa Victoria.

Tafuta historia

Njia inayopendwa kuliko zote ni kuangalia nani alivua kiasi gani zamani, kisha kumpa kila mmoja kwa uwiano huohuo. Iceland ilifanya hivyo mwaka 1984: kila meli ikapewa sehemu yake ya samaki wanaoitwa kod, na wenzao wa kina cha chini, kwa kutazama ilichovua miaka mitatu iliyotangulia. Walipewa bure. Kod wakapatikana, kodi haikudaiwa. Ada ya uvuvi ilikuja kutozwa miaka 20 baadaye, mwaka 2004. Jumuiya ya Ulaya nayo, ilipopitisha sera yake ya pamoja ya uvuvi mwaka 1983, ilichukua uvuvi wa miaka ya 1973 hadi 1978 ikaufanya ufunguo wa kugawia. Ufunguo huo bado unazungushwa hadi leo, na kila Desemba mawaziri wanakesha Brussels wakigombea tani.

Uzuri wa njia hii utauona kwenye sinia la pilau. Watu wanne wamelizunguka. Mmoja mkono wake ni mwepesi, na kwa miujiza nyama zote zinaelekea upande wake. Mwingine anamlisha mtoto kwanza. Nyama zinapokaribia kwisha, yule wa mkono mwepesi ndiye anayeinua kidole: "Jamani, nyama zinakwisha, tuweke utaratibu. Kila mmoja apewe kulingana na alivyokula tangu tulipoanza." Aliyekuwa anamlisha mtoto anaambulia mfupa. Usicheke. Hiyo ndiyo inayoitwa historia ya uvuvi, na ukiiweka kwenye jedwali lenye rangi mbili watu wanaandika.

Hapo ndipo penye swali ambalo kamati imelikalia miaka yote hii. Tuseme meli ya Hispania ilikata leseni, ikaingia ukanda wa Tanzania, ikazungusha wavu wake na kuondoka na tani 200. Samaki hao ni historia ya nani? Nchi za pwani zinasema ni ya mwenye maji. Wenye meli wanasema ni ya bendera iliyokuwa ikipepea mlingotini. Ukitumwa na wenye meli, shikilia bendera. Utakuwa kama mpangaji aliyelala chumba cha watu miaka kumi, akilipa kodi kila mwezi, halafu siku ya kugawa urithi anafika na risiti zake zote mkononi: mimi ndiye mwenye historia ya kulala humu. Mwenye nyumba akimwambia kwamba risiti hizo ndizo zinazothibitisha kuwa nyumba si yake, mpangaji anapendekeza kiundwe kikosi kazi. Rasimu zilizofuata zimejadili kumhamishia mwenye maji historia hiyo kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Mwandishi wa mwongozo hapaswi kuwa na upande, lakini mimi mtoto wa mwenye nyumba, na naona kidogo kidogo hiyo ni ya nini.

Ukitoka upande wa pwani una shida nyingine: historia yako haikuandikwa. Nenda kaitafute. Fika Kilwa Kivinje asubuhi, umkute mzee anashona wavu chini ya mkungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapo kwenye gogo."

"Mzee, mwaka 2004 mlivua jodari tani ngapi?"

Anauma uzi, anafikiri. "Ule mwaka alioolewa binti yangu wa pili? Tulipata. Kusi ilipotulia walikuja wengi. Tulikula, tukauza, wengine tukafanya ng'onda."

"Ni tani ngapi, mzee?"

"Tani ni za korosho, mwanangu. Samaki sisi tunahesabu korija."

Fomu uliyopewa haina safu ya korija, wala ya ng'onda, wala ya harusi. Unaandika "hakuna takwimu," unamshukuru mzee, unaondoka na samaki aliyekufungia kwenye gazeti. Fomu ikifika mezani, "hakuna takwimu" inakaa jirani kabisa na sifuri, na karibu nayo kuna safu ya nchi nyingine iliyoandika kila mkupuo wa wavu tangu miaka ya 1980, na tarehe, na majira ya nukta. Mali bila daftari huisha bila habari. Waliosema hivyo walikuwa wanazungumzia maduka ya rejareja, na sasa wanaongoza Bahari ya Hindi.

Kama huna bahari, tafuta kisiwa

Si lazima uwe na pwani ili uwe nchi ya pwani. Angalia ramani uone kama babu zako hawakusahau kisiwa mahali fulani. Umoja wa Ulaya, ambao kwa jiografia ya shuleni uko mbali kidogo na Mnazi Mmoja, ni miongoni mwa wavuvi wakubwa wa jodari katika bahari hii, na una Réunion na Mayotte za kuonyesha unapoulizwa. Kwamba Komoro hadi leo wanasema Mayotte ni yao ni maneno ya familia. Ufaransa imo ndani ya Umoja huo, na bado ina kiti cha pili kwa ajili ya vijisiwa vyake vingine. Ukiketi karibu nao usishangae kusalimiwa mara mbili.

Uingereza kwa miaka mingi ilikalia kiti kwa jina la visiwa vya Chagos. Wakazi wa visiwa hivyo waliondolewa kati ya 1968 na 1973 ili kupisha kambi ya kijeshi ya Marekani pale Diego Garcia. Mwaka 2010 Uingereza ikatangaza maji yake kuwa hifadhi isiyovuliwa. Kwa hiyo palikuwa na kiti, kibao cha jina, glasi ya maji, na hapana mvuvi hata mmoja aliyebaki kwao wa kuwakilishwa. Morisi, wanaosema visiwa ni vyao, wamekuwa wakilisema hilo kikao baada ya kikao, na wakalisema pia The Hague, ambako mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliona Uingereza inapaswa kuviachia. Kumbukumbu za vikao zina kurasa nyingi za kauli hizo. Samaki hawakutajwa sana.

Ukikosa kisiwa kabisa, badili bendera. Meli zenye wenyewe Hispania na Ufaransa hupepea pia bendera ya Shelisheli na ya Morisi, jambo halali kabisa, na hivyo mgao unakuwa na mifuko miwili kwenye kanzu moja. Waingereza waliwahi kukasirikia mchezo huo walipoona meli za Wahispania zimesajiliwa kwao na kuvua fungu lao. Wakatunga sheria mwaka 1988 ya kuwazuia. Mwaka 1991 mahakama ya Ulaya ikasema hapana, waacheni wavue.

Piga kura, kisha piga kalamu

Sasa umeshajua kukaa. Tujifunze kukubali. Katika Kamisheni hii azimio likipita, mwanachama asiyelipenda ana siku 120 za kuandika barua ya pingamizi, na likishapingwa halimbani. Nakuomba uisome sentensi hiyo tena, maana ndiyo yenye uzito kuliko kurasa zote za sayansi utakazogawiwa. Ni kama kuwa kwenye kikao cha harusi ambapo kila mjumbe anaahidi mchango kwa sauti, anapigiwa makofi, kisha ana miezi minne ya kutuma ujumbe kwamba alikuwa anatania.

Mfano uko. Mwaka 2015 wanasayansi walisema jodari, yule wa mapezi ya njano, amevuliwa kupita kiasi. Mwaka 2016 ukapitishwa mpango wa kumrudisha: waliovua sana mwaka 2014 wapunguze, wenye nyavu za kuzungusha kwa asilimia 15, wa jarife na wa mishipi mirefu kwa asilimia 10. Wasiofikia kiwango fulani wasiguswe. Ukasikika uamuzi mzuri. Jumla ya jodari waliovuliwa haikushuka kama ilivyotakiwa. Iliendelea kupita tani 400,000 kwa mwaka, maana wengine walipunguza na wengine wakaongeza. Mpango ukarekebishwa, ukarekebishwa tena. Ule wa 2021 ulipopita, nchi kadhaa zikiwamo India, Indonesia, Iran na Oman zikaandika barua. Usiwahukumu upesi. Katika bahari hii, tofauti na nyingine, sehemu kubwa ya jodari inavuliwa na vyombo vidogo vya watu wengi, na ni vigumu kumwambia mvuvi wa Sur, Oman, apunguze asilimia 10 kwa sababu ya wavu mmoja wa Mzungu ambao ungeweza kufunika kijiji chake chote na msikiti wake.

Somo kubwa zaidi lilitolewa Mombasa, Februari 2023. Hapa inabidi nieleze chelezo. Samaki wa bahari kuu hupenda kitu kinachoelea. Hata gogo likipita wanakusanyika chini yake. Wavuvi wetu wanalijua hilo tangu zamani. Meli za kisasa zimetengeneza magogo yao: jukwaa dogo la kuelea, nyavu au kamba zinaning'inia chini, na boya lenye setilaiti na kipimo cha mwangwi. Boya linampigia nahodha simu, kama wasemavyo, na kumwambia liko wapi na chini yake kuna tani ngapi. Meli moja iliruhusiwa kuwa na maboya 300 kama hayo kwa wakati mmoja. Mvuvi wa Nyali anatoka na mshipi na bismillahi. Mwenzake amekaa mbele ya skrini, anakunywa kahawa, anachagua. Tatizo ni kwamba miongoni mwa wanaokusanyika chini ya chelezo wamo makinda wengi wa jodari, hawajazaa hata mara moja.

Indonesia na nchi kadhaa za pwani zikapendekeza vyelezo visimame kutumika siku 72 kwa mwaka. Kura ikapigwa, theluthi mbili ikapatikana, watu wakashikana mikono, na nadhani madafu yalinywewa. Kisha zikaanza kuhesabiwa siku 120. Umoja wa Ulaya ukaandika pingamizi, na barua nyingine zikafuata, mpaka azimio likabaki bila nguvu. Kalamu zilifanya kwa utulivu kile ambacho mikono haikuweza ukumbini. Ukipenda kujifunza ujumbe, soma barua hizo.

Karatasi haizami

Ukishapata mgao usikimbilie kununua meli. Meli inakula mafuta, inapata kutu, na ina wafanyakazi wanaougua. Mgao wenyewe haupati kutu. Iceland ndio walimu hapa. Sheria yao ya 1990 inaanza kwa maneno matamu kwamba samaki ni mali ya taifa zima, halafu ikaruhusu kila aliyepewa fungu aliuze, alikodishe, alirithishe. Aliyepewa bure akawauzia waliokuja baadaye. Vijiji vingine vilikuta asubuhi fungu lao limeuzwa kwenye mji mwingine na meli imekwenda nalo, na bandari iliyozoea kelele imebaki na ndege. Kwa haki, lazima niseme kod hawakuisha, na uvuvi wa Iceland ni wa kupigiwa mfano kwa faida. Aliyekuwa ndani ya boti siku ya hesabu alifurahi.

Waliokuwa nje walijaribu. Mwaka 2001 wavuvi wawili walikwenda baharini makusudi bila mgao, wakavua, wakajitangaza. Walitozwa faini. Wakafika hadi Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwaka 2007 ilisema mfumo ule, kwa jinsi ulivyowapa wachache mali ya wote daima, uliwabagua. Mwaka 2012 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni kama maliasili zisizo za mtu ziandikwe kwenye katiba mpya kuwa mali ya taifa; asilimia kama 83 ya waliopiga kura wakasema ndiyo. Katiba hiyo mpya haijapitishwa. Unaona umuhimu wa karatasi kukaa upande wako?

Elimu haina mwisho. Namibia, iliyopata uhuru 1990 ikikuta bahari yake imekombwa na meli za kigeni, ilijenga mfumo wa haki na migao ili samaki wawanufaishe Wanamibia. Iceland ilikuwa miongoni mwa waliokuja kufundisha. Novemba 2019 zikamwagwa hadharani nyaraka zilizodai kwamba kampuni kubwa ya Iceland ililipa fedha kwa watu wakubwa wa Namibia ili kupata migao. Waziri wa uvuvi na waziri wa sheria walijiuzulu, wakakamatwa, wakakana mashtaka. Kampuni nayo ikakana. Ya mahakama tuiachie mahakama. Linalokuhusu wewe, ndugu mjumbe, ni kwamba mgao ukiwa sahihi ya mtu mmoja mezani kwake, foleni haiendi tena baharini, inakwenda kwenye mlango wa meza hiyo.

Kuhusu hesabu, usijisumbue nayo. Wako watakaokwambia kwamba mafungu yakijumlishwa yasizidi mia kwa mia. Vibua wa Atlantiki ya kaskazini waliwahi kuhama kuelekea maji ya Iceland, nchi ambayo haikuwa kwenye mgawo wa awali. Iceland ikajipangia fungu lake. Waliokuwa na mafungu ya zamani hawakupunguza. Kila mmoja akajigawia anachoona ni haki yake, na jumla ikapita ushauri wa wanasayansi mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyevunja sheria yake mwenyewe.

Mifano ya kuepuka

Kuna watu wabaya watakaokutajia Pasifiki. Nchi nane, nyingi zake ndogo, nyingine ukizipita kwa ndege hujaziona, zikiwamo Tuvalu, Kiribati na Nauru, ziliungana zikaacha kugombana juu ya tani. Wao wanauza siku. Meli ikitaka kuvua jodari kwenye maji yao inanunua siku za kuvua, siku zina idadi, na bei ya chini waliyokubaliana ilifika dola 8,000 kwa siku moja. Meli inalipa hata kama samaki wamegoma.  Walifunga mlango kwa pamoja, wakaweka bei. Jambo hili likizungumzwa Victoria wakati wa chai, badili mazungumzo. Sifia kobe wa huko.

Mwingine atakukumbusha samaki wa Magufuli. Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa ndani ya ukanda wa Tanzania ikiwa na karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari. John Magufuli alikuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, na samaki wakachukua jina lake mpaka leo. Waligawiwa taasisi mbalimbali, na walikuwa wagumu kama matofali kwa barafu. Nahodha na wakala walihukumiwa mwaka 2012, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu. Kisheria serikali ilishindwa. Lakini kwa Mtanzania wa kawaida ndiyo mara pekee mgao wa bahari kuu ulipomfikia ukiwa na kichwa na mkia, na ndiyo maana watu wanaikumbuka meli hiyo kuliko azimio lolote la Kamisheni.

Usiogope pia wanasayansi. Mwaka 2024 walimpima upya yule jodari wa mapezi ya njano, wakiwa na takwimu na mfumo wa hesabu uliorekebishwa, wakasema hayuko tena katika kundi la waliovuliwa kupita kiasi. Baadhi ya walioandika barua za pingamizi walitabasamu kama mgonjwa aliyekataa dawa na homa ikashuka. Sijui walitabasamu kwa sababu gani. Bila mafungu, samaki akiongezeka anaongezeka kwa yuleyule mwenye boya.

Basi funga mkoba. Weka suti mbili, tai moja, mkataba, na dawa ya kichwa kwa ajili ya siku ya tatu. Ila kabla hujapanda ndege, kumbuka kwamba takwimu za wavuvi wa pwani za mwaka uliopita zinatakiwa kufika kwa Kamisheni ifikapo 30 Juni. Mtumie mzee wa Kilwa Kivinje daftari la kurasa mia mbili, lenye safu ya korija. Na kalamu mbili, maana moja wajukuu wataichukua.